Jointi Kwenye Waya wa Ishara

Tangu siku mliponikatia keki na kunifunga khanga mabegani, wenzangu wa karakana, mmekuwa mkinipigia simu kwa zamu. Mnaanza na "shikamoo Mama Adela", mnauliza hali ya magoti, halafu mnafika kwenye shida yenyewe: kuna mashine imegoma. Nimechoka kutengeneza mashine kwa simu huku nachambua mchicha. Nimeamua kuandika, ili mkikwama msome kwanza, ndipo mpige.

Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na vikao. Mshahara mnaujua, maana ndio huo huo mnaoulalamikia. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, mtu aliyenifundisha, na mashine moja ya Chang'ombe ambayo nilishindwa kuisimulia siku ya kuniaga, kwa sababu nilijua nikianza nitalia na keki haijaliwa.

Nilianza kazi hapo hapo Chang'ombe, kwenye kampuni ndogo iliyokuwa inahudumia viwanda vya jirani. Siku ya kwanza nilifika na cheti changu cha ufundi kwenye bahasha ya kaki. Mama wa chai alinipokea kwa furaha kubwa, akanipa aproni na kunionyesha vikombe vilipo, maana hajawahi kuona mwanamke anaingia pale kwa kazi nyingine. Nikaosha vikombe. Nilikuwa mgeni, nimetoka Bukoba juzi tu, sikujua mtu anaanzaje kukataa. Aliyenitoa jikoni ni Mzee Nassor.

Wakati ule hakuwa mzee bado, ila tulimwita hivyo kwa ajili ya utaratibu wake. Kwao walikuwa watu wa duka, Waarabu wa Buguruni, wauza vitambaa tangu kwa babu zao. Kaka zake wote walikaa nyuma ya kaunta. Yeye peke yake alikaa nyuma ya makabati ya umeme, na nadhani baba yake alifariki akiwa bado anasubiri mwanawe aache mchezo huo arudi dukani. Alivaa koti la bluu lililopigwa pasi kila siku. Alikuwa na kovu la moto kwenye kidole gumba, na hasira ya kimya ambayo ilinitisha kuliko hasira ya mtu anayepiga kelele.

Hakunipa bisibisi siku ile. Alinipa waya mrefu uliokuwa mzima kwa kuutazama.

"Funga macho, binti," akasema. "Humo ndani pamekatika. Nitafutie."

"Nitumie mita ya kupimia?"

"Mita nitakupa. Kwanza vidole."

Nikaupitisha waya kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, nikiukunja kidogo kidogo, mpaka nikafika mahali ulipolegea. Shaba ilikuwa imekatika ndani na ganda la nje liko salama. Nilipofumbua macho kumwonyesha, alikuwa ameshaondoka kwenda kunywa chai. Hivyo ndivyo alivyosifu watu maisha yake yote, kwa hiyo ninyi mnaosema mimi ni mgumu wa kusifu, mjue nilitoka wapi.

Miaka ya mwanzo tulihangaika na mota za kawaida, za pampu na mikanda ya viwandani. Baadaye zikaingia mashine zenye mota za hatua, na hizi nataka mzielewe vizuri, maana ndizo mnazonipigia simu. Mota ya hatua haizunguki tu, inasogea hatua ndogo ndogo. Anayeamua ni kontrola. Inatuma mapigo madogo ya umeme, pigo moja hatua moja, na kwa waya mwingine inasema mbele au nyuma. Mapigo hayo ni dhaifu sana, kwa hiyo katikati kuna draiva, inayopokea pigo dhaifu na kuipa mota umeme wenye nguvu. Kontrola inaagiza, draiva inatii, mota inasogea.

Ubaya wake ni kwamba mota nyingi za namna hiyo hazirudishi majibu. Pigo likipotea njiani, au likiingia pigo la uongo, kontrola haijui. Inaendelea kuamini iko mahali ambapo haipo, na inachonga kwa kujiamini kabisa. Nimewahi kufanya kazi chini ya meneja wa namna hiyo, na yeye hakuwa na waya wa kukagua.

Kuna kiwanda cha sabuni tuliitwa kwa sababu mashine yao ya kubandika lebo ilikuwa inaua draiva. Wanafunga mpya, inafanya kazi kwa muda, halafu inakuwa kiziwi: taa inawaka, mota imekaza, lakini haisikii agizo. Mzee Nassor aliomba kitabu cha draiva. Wakakileta kikiwa bado ndani ya nailoni yake. Akakaa juu ya ndoo, akasoma kurasa mbili, akaona kwamba masikio ya draiva ile yametengenezwa kwa volti tano na kontrola inaipigia kelele za volti ishirini na nne. Ilihitajika rizista moja ndogo kwenye kila waya wa ishara ili kupunguza. "Wameua mbili," aliniambia tukiwa tunatoka, "na kitabu bado hakijavuliwa nguo." Kwa hiyo kabla hamjakaza skrubu yoyote, someni draiva inataka volti ngapi. Na msichomoe waya wa mota wakati draiva ina umeme, hata kama mna haraka. Zimeni, subirini taa ya draiva ife yenyewe, ndipo mguse. Hili nimelisema sana, na bado mwaka jana kuna mtu, simtaji, alinunuliwa draiva mpya.

Mzee Nassor alistaafu miaka mingi kabla yangu, lakini nyumbani hakukaa. Karibu na kwake, hapo hapo Chang'ombe, kulikuwa na karakana ya mbao ya Bwana Mushi, mtu wa Kilimanjaro, mpole kwa mbao na mkali kwa watu. Bwana Mushi alipoagiza mashine ya kuchonga kwa kompyuta, ile mnayoiita si-eni-si, ilikuja vipande vipande na michoro ya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Mzee akaifunga. Alikwenda kila siku baada ya swala ya alfajiri, na mimi nilimfuata Jumamosi nikitoka kazini. Wale wawili walikuwa wanabishana toka asubuhi mpaka mchana, mmoja anataka mashine ianze kuchonga, mwingine anataka nyaya zilale zimenyooka, halafu wanakula sahani moja. Bwana Mushi hakuwa na baba. Sikuwahi kumsikia akisema chochote juu ya hilo, ila nilimwona jinsi anavyomnawisha mikono Mzee kabla ya chakula.

Kontrola waliiweka kwenye chumba kidogo cha vioo, vumbi la mbao lisiifikie. Kabati la draiva likabaki ubavuni mwa mashine. Kati ya viwili hivyo Mzee alipitisha waya mmoja mrefu wa ishara, wenye nyaya ndogo ndani yake, zimesokotwa mbilimbili na kuvikwa wavu wa shaba. Wavu huo ndio kinga. Mota kubwa inayozungusha kisu inapiga kelele za umeme ambazo masikio yetu hayasikii lakini nyaya ndogo zinazisikia. Wavu unazidaka kelele hizo na kuzipeleka ardhini. Aliufunga ardhini upande mmoja tu, upande wa kontrola ambako waya unaingia kwa plagi, kama inavyotakiwa, kisha akaulaza waya wote ndani ya mfereji wa plastiki wenye kifuniko, ukutani.

Kuiendesha mashine alimfundisha Shabani. Huyu alikuwa seremala wa randa na msumeno, mtu mzima mwenye watoto wanne, na wenzake walicheka waliposikia atakaa kwenye kompyuta. Mzee hakucheka. Alimfundisha kwa miezi mingi, akirudia jambo moja kwa sauti ile ile, mpaka Shabani akawa anachonga milango ya maua ambayo watu walitoka Mbezi Beach kuja kuitazama. Mikono ya Shabani ilikuwa imeshaanza kusumbuliwa na baridi yabisi wakati ule. Asingeweza tena kurudi kwenye randa, na mashine kama ile hazikuwa nyingi mjini. Kazi yake ilikuwa pale au basi.

Mzee Nassor alifariki asubuhi moja baada ya kuswali, bila kuugua kwa kuonekana. Nililia mbele za watu na sioni haya kusema. Karakana ya Bwana Mushi ilifungwa mpaka hitma ipite, na kila kilichokuwemo kilihamia msibani: turubai, mabenchi, jenereta, taa, nyaya, na mafundi wote. Ndivyo tunavyozikana, hakuna anayeuliza hiki ni cha nani. Sisi wanawake tulikaa ndani na mjane wake, Bi Rukia, aliyekuwa ameshaanza eda. Siku ya hitma yenyewe Bwana Mushi alichelewa kufika. Tulimwona kupitia dirishani, uso mkavu, shati limechomekewa, akaketi nyuma kabisa. Mama mmoja karibu yangu akanong'ona, "Tajiri katoka kuangalia mbao zake." Nami pia nilimwona ana moyo mgumu.

Karakana ilipofunguliwa, mashine ikaanza kupotea njia. Kulikuwa na oda ya milango ya mninga ya hoteli. Shabani aliweka ubao, mashine ikaanza vizuri, ua la kwanza safi, la pili safi, halafu ua la tatu likakaa pembeni ya mahali pake, na la nne likavuka mpaka kwenye fremu. Akarudia ubao mwingine, hivyo hivyo. Mninga ulioharibika ukarundikwa mlangoni ambako kila mtu alipita na kuuona. Mafundi wakasema mashine inamlilia Mzee. Mmoja akashauri kisomo.

Bwana Mushi hakutaka kisomo. Alisimama mbele ya wote akasema mashine iliachwa nzima, imerudiwa mbovu, na ufunguo wa chumba cha vioo anao mtu mmoja. "Kuna mtu kashika mashine yangu," akasema. "Akijulikana, huyo hana kazi hapa. Sitaki kusikia sababu." Hakumtaja Shabani, lakini hakuangalia pengine. Kisha akanipigia simu.

Nilifika nikamkuta Shabani amekaa kwenye kiti chake ndani ya vioo, hajawasha kitu.

"Shikamoo Mama Adela."

"Marahaba. Imeanzaje?"

"Toka turudi msibani. Ikiwa tupu inatembea freshi tu. Ukiwasha kisu ndo ishu inaanza."

Jibu lilikuwa ndani ya maneno hayo, na nilipaswa kulisikia pale pale. Lakini nilifundishwa kuanza na chuma, kwa hiyo nilianza na chuma. Nilichora mstari kwa kalamu kwenye shafti ya mota na kwenye kiungo chake, nikaiacha mashine ichonge na kukosea, nikaangalia kama mstari umeachana. Haukuachana, maana yake hakuna kilicholegea. Kosa lilikuwa kwenye upana tu, urefu ulikuwa sawa. Nikazima, nikasubiri, nikabadilishana draiva ya upana na ya urefu. Kosa likabaki kwenye upana, kwa hiyo draiva nzima zote. Halafu nikaiambia kontrola itumie jozi ya nyaya za urefu kwa kazi ya upana, na kwenye draiva nikahamisha nyaya kwenye skrubu zake zifuatane. Sasa kosa likahamia kwenye urefu. Mnaona? Kila mara nilibadilisha kitu kimoja tu. Mkibadilisha viwili kwa pamoja mtapona kwa bahati, na kesho hamtajua mlipona kwa nini.

Ilibaki waya. Nilichomoa pande zote mbili, nikapima. Kila waya mdogo mita ililia vizuri, pi, pi, pi, mpaka mwisho. Bwana Mushi alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Si mzima huo?" Ndipo wengi wenu mngefunga mfereji mkaagiza kontrola mpya. Mita inakwambia waya umeshikana sasa hivi, mashine ikiwa imelala. Haikwambii kinachoingia ndani yake kisu kikianza kunguruma. Nikapima wavu, kutoka mwisho wa draiva mpaka mwisho wa kontrola. Mita ikanyamaza. Wavu ulikuwa umekatika mahali fulani, na sehemu kubwa ya waya ilikuwa uchi kwa kelele zote za karakana.

Bwana Mushi aliitwa nje kupokea mteja. Nilibandua kifuniko cha mfereji, nikaanza kuufuata waya kwa vidole kutoka upande wa draiva. Shabani alisimama kwenye mlango wa vioo. Nilikuwa nimefika nusu ya ukuta aliposema, "Mama Adela, usijisumbue. Ni huku. Hapa karibu na plagi."

Nilisimama. Sikutaka kugeuka nimtazame.

Jointi ilikuwepo alipoonyesha, imefungwa tepu nyeusi. Nilipoifungua nikakuta kila waya mdogo umeunganishwa na mwenzake kwa rangi yake, na kila mmoja umevikwa tepu yake peke yake, kwa uangalifu ambao uliniumiza kuutazama. Lakini mbilimbili zile zilikuwa zimefumuliwa, wavu umekatwa kurudi nyuma pande zote na haukuunganishwa tena. Waya mmoja wa upana ulikuwa umeshikiliwa na nyuzi chache tu.

"Nani kakata?"

"Mie."

"Lini?"

"Siku ya hitma. Nyie huko ndani mlikuwa hamsikii kitu. Bi Rukia akamtuma mjukuu, anauliza dua ataisikiaje na yeye yupo eda hawezi kutoka. Spika ya kuwekea dirishani tulikuwa nayo, waya hamna. Nyaya zote za hapa zishaenda kwenye taa. Ukabaki huu."

"Sasa si ungechomoa plagi ukaenda nao mzima?"

"Spika inataka waya uwe wazi pande zote. Kule kwenye draiva ni skrubu, huku plagi." Aliigusa kwa ncha ya kidole. "Plagi hii kaichomelea mzee kwa mkono wake, Mama Adela. Si unakumbuka, wewe ulimshikia taa. Macho yalikuwa hayaoni vizuri tena, akawa anaipapasa. Nikiibandua nisingeweza kuirudisha alivyoiweka yeye. Nikaona bora nikate waya, plagi ibaki."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi la mbao. Siku ile nilikuwa ndani, kwenye mkeka, bega kwa bega na Bi Rukia. Sauti ya shehe ilipoingia kupitia dirishani alishtuka, akainua kichwa, akaanza kuitikia amina, na mkono wake ukautafuta wangu. Tangu maziko alikuwa hajasema neno, ila kumnong'oneza mjukuu wake kitu sikioni asubuhi ile. Sikuwaza hata kidogo sauti ile imepita wapi kutufikia.

Pamoja na hayo nilimkasirikia Shabani, nanyi mnapaswa kujua kwa nini. Mashine inayopokea mapigo ya uongo haiharibu mbao tu. Ingeweza kuruka wakati mkono wake uko chini ya kisu anafuta vumbi. Nilimwambia hivyo, na nilimwambia kwa ukali.

"Najua," akasema. "Nilipima, mita ikalia. Nikajua nimeweza."

"Na ilipoanza kukosea?"

"Nikaogopa." Akatazama nje, kule Bwana Mushi alikokuwa anaongea na mteja. "Mama, ukimwambia panya?"

"Panya hafungi tepu, Shabani."

"Ukisema ni jointi ya zamani tu, imechoka?"

"Waya huu, mbali na wewe, kaugusa nani mwingine?"

Alifikiri. Nikaona jibu linamfikia usoni.

"Mzee," akasema.

"Basi itasemwa ni mzee kafunga vibaya."

Alitikisa kichwa muda mrefu, akajipangusa uso kwa kiwiko cha shati. "Hapana. Bora mie niende."

Ningeweza kuunganisha wavu ule kimya kimya, nikafunga mfereji na kumwambia Bwana Mushi kwamba ni skrubu iliyolegea. Nilikuwa nimeshaanza kuyapanga maneno. Ila Bwana Mushi alikuwa mlangoni kabla sijayamaliza, na jointi iko wazi kiganjani mwangu, nyaya zimetawanyika rangi zote.

"Nini hicho?"

Nilifungua mdomo. Shabani akanitangulia. Alisema yote, msiba, spika, kisu cha kukatia, tepu, bila kupunguza na bila kujitetea. Alipomaliza aliutoa ufunguo wa chumba cha vioo mfukoni, akauweka juu ya kontrola.

Sijawahi kumwona Bwana Mushi amekasirika namna ile. Shingo ilimvimba.

"Ungeniomba!" akafoka. "Kwa msiba wa Mzee Nassor, mie ningekunyima waya? Ningekunyima nini? Ningekupa mashine nzima! Unanikatia kitu changu kama mwizi, kwa nini hukuniomba?"

"Nilikuja kukuomba, bosi."

"Lini? Muongo wewe. Ulikuja lini?"

Shabani alinitazama mimi, akatazama mlango. Nilielewa kwamba anataka nitoke. Sikutoka, maana nilikuwa bado nimeshika jointi.

"Asubuhi ile ile ya hitma," akasema, sauti imeshuka. "Nilikuja hapa kukutafuta. Nikakukuta huko nyuma ya mbao. Ulikuwa umekaa chini, umelikumbatia koti la mzee, lile la bluu. Unalia. Unalia kama mtoto, bosi. Nikaona hapa siwezi kuomba waya. Nikaingia kwenye vioo kimya kimya, nikakata huu, nikarudi zangu."

Nje mteja aliita "hodi" na hakujibiwa. Bwana Mushi alikuwa amegeukia dirishani, akitazama vioo vilivyojaa vumbi.

"Uliniona," akasema.

"Nilikuona."

"Ukamwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Hata leo nisingesema, ila umeniuliza."

Nilikumbuka maneno ya yule mama msibani, na yangu niliyoyaweka moyoni, nikaona aibu. Bwana Mushi alitoa fungu lake la funguo kiunoni, akahangaika nalo muda, akachomoa mmoja. Akauchukua na ule wa chumba cha vioo uliokuwa juu ya kontrola, akamkabidhi Shabani zote mbili kwa pamoja.

"Kuna roli ya waya wa wavu stoo, rafu ya juu. Kakate mpya, wote, toka mwanzo mpaka mwisho. Sitaki jointi."

Shabani hakusogea. "Na plagi, bosi?"

Bwana Mushi alinigeukia mimi. Nilimwambia ukweli: waya mpya hauwezi kuingia kwenye plagi mpaka wa zamani utoke, na wa zamani hautoki bila kuyeyusha risasi ya kuchomelea aliyoiweka Mzee. Hakuna njia nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Bandua wewe," akasema. "Wewe ndo binti yake."

Nilichomeka chuma cha kuchomelea, nikasubiri kipate moto. Shabani alirudi na waya mpya begani, akasimama kushoto kwangu, Bwana Mushi kulia. Risasi ya Mzee ilikuwa bado inang'aa, kila mguu wa plagi na tone lake, yote sawasawa, kazi ya mtu ambaye alikuwa haoni. Nikasema bismillahi kwa niaba yake, mimi Mkatoliki wa Bukoba, nikagusa mguu wa kwanza. Tone likalegea, likatiririka, waya ukaachia. Bwana Mushi akaanza kulia pale pale mbele yetu, na safari hii hakuna aliyeondoka.